Mistari ya Pakingi: Jinsi ya Kutunza na Kuchora Maegesho ya Biashara Yako Bila Kupoteza Pesa

Mwaka jana, mwezi wa pili, shangazi yangu alimtumia fundi wa rangi shilingi 18,000 kwa simu. Zote kwa mpigo. Shangazi ana jengo dogo lenye maduka matano, na mbele yake kuna uwanja wa lami ambapo wateja huegesha magari. Fundi alikuja Jumamosi jioni, akachora mistari myeupe, akaondoka. Jumapili asubuhi pakingi ilikuwa inapendeza kama ya supamaketi kubwa.

Mvua ya Aprili ilipoanza, mistari ikaanza kubanduka. Kufikia mwezi wa tano yalikuwa yamebaki madoadoa tu. Kumbe jamaa alitumia rangi ya ukutani. Shangazi akipiga simu, mteja hapatikani. Alichobaki nacho ni meseji moja ya malipo: jina, kiasi na saa. Hakuna mahali palipoandikwa ni kazi gani, rangi gani, wala ipakwe mara ngapi.

"Sasa nitamlaumu kwa lipi?" aliniuliza. "Nilimwambia achore, akachora."

Kama una duka, hoteli, kanisa, kliniki, car wash au nyumba za kupangisha zenye pakingi, makala haya ni yako. Tutaangalia jinsi ya kutunza uwanja wenyewe, jinsi ya kuchora mistari inayodumu, na jinsi ya kulipia kazi hiyo kwa simu ili pesa yako ifuate kazi, si kazi ifuate pesa.

Mstari unakufanyia kazi gani?

Wengi hufikiria mistari ni urembo. Hebu tupige hesabu kidogo.

Tuseme upande mmoja wa pakingi yako una urefu wa mita 30. Kila gari likipewa nafasi ya upana wa mita 2.5, utaingiza magari 12. Sasa ondoa mistari. Kila dereva ataacha nafasi kidogo zaidi, maana hataki mlango wake ugongwe. Kila mmoja akiongeza mita moja tu, upande ule ule utaingiza magari 8. Umepoteza nafasi 4 na hakuna aliyekuibia.

Kama unatoza shilingi 100 kwa gari, hizo ni shilingi 400 kila nafasi hizo zikijaa mara moja. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 10,400 kwa mwezi. Na hata kama hutozi kitu, hao ni wateja wanne waliozunguka, wakakosa mahali, wakaenda kwa jirani.

Mistari pia hupunguza ugomvi. Pale kwa shangazi, baada ya rangi kubanduka, dereva mmoja alirudi nyuma akagonga gari la mwenzake. Kila mmoja alisema mwenzake ndiye aliyeegesha vibaya. Bila mstari, nani angeamua? Mwishowe wote wawili wakamkasirikia mwenye jengo.

Tena kuna upande wa sheria. Kenya ina sheria inayohusu wajibu wa mwenye eneo kwa wageni wanaoingia humo, yaani Sura ya 34 ya Sheria za Kenya. Inamtaka mwenye eneo achukue tahadhari ya kutosha ili mgeni awe salama. Kibao cha "egesha kwa hatari yako mwenyewe" hakimalizi mambo: onyo peke yake halikuondolei wajibu kama halikumwezesha mgeni kukaa salama. Mama akivunjika mguu kwenye shimo ambalo umeliona miezi sita, kibao hakitakusaidia sana.

Anza kwa kutembea, si kwa rangi

Kabla ya kumpigia fundi yeyote, tembea pakingi yako mara mbili: mara moja kukiwa kukavu, na mara nyingine saa moja baada ya mvua kuisha. Piga picha kwa simu yako. Angalia haya:

- Nyufa kwenye lami, hata zile nyembamba.
- Mahali maji yanasimama.
- Kabro zilizozama, zilizoinuka au zinazocheza ukizikanyaga.
- Madoa ya oili na dizeli.
- Mitaro iliyojaa mchanga na karatasi.
- Taa zilizoungua na kona zenye giza usiku.

Hiyo ya maji ndiyo muhimu zaidi. Adui mkubwa wa lami ni maji, kuliko hata uzito wa magari. Maji huingia kwenye ufa, yanalainisha udongo na kokoto zilizo chini, kisha kila gurudumu likipita linasukuma ule uchafu laini utoke. Chini kunabaki tupu, juu kunabomoka, na hapo shimo limezaliwa. Ndiyo maana ufa wa leo huwa shimo baada ya msimu mmoja wa mvua.

Rekebisha kwanza, kisha uchore

Kuchora mistari juu ya uwanja mbovu ni kama kupiga pasi shati lililochanika. Fuata mpangilio huu.

Mitaro kwanza. Izibue, maji yapate njia ya kutoka. Kazi hii haihitaji fundi mkubwa. Ni jembe, sepetu na vijana wawili.

Nyufa za pili. Fagia vumbi na nyasi zitoke ndani ya ufa, acha pakauke, kisha ujaze kwa lami ya kuziba nyufa. Ni kazi rahisi ukiifanya mapema.

Mashimo ya tatu. Fundi mzuri hatamwaga tu mchanganyiko ndani ya shimo. Atakata kingo ziwe wima, atoe udongo laini na maji, apake lami nyembamba ya kushikanisha, ajaze kwa tabaka na kushindilia kila tabaka. Kwa mashimo madogo kuna lami baridi inayouzwa kwenye mifuko, isiyohitaji kupashwa moto. Ukiona mtu anajaza shimo lenye maji, msimamishe.

Kama uwanja wako ni wa kabro, una bahati: kabro hutolewa na kurudishwa. Sehemu iliyozama inafunguliwa, chini panaongezwa na kushindiliwa, kabro zilezile zinarudi, na mchanga mkavu unafagiliwa kwenye viungo. Ila ujue unene wake. Kabro za milimita 60 zinafaa magari madogo. Kama lori la mizigo linaingia kila wiki, njia yake inahitaji za milimita 80.

Mwisho, oili. Lami hutokana na mafuta ghafi, kwa hivyo oili na dizeli huilainisha polepole. Tena rangi haishiki juu ya grisi. Mwaga mchanga mkavu au unga wa mbao unyonye ile oili, fagia, kisha sugua kwa sabuni ya kuondoa grisi na usuuze.

Kama umeweka lami mpya, usiharakishe rangi. Ipe kama mwezi mmoja ikauke na kutulia.

Vipimo: uzi, chaki na tepu

Ramani ya jengo iliyoidhinishwa na kaunti huonyesha nafasi za magari. Anza na hiyo kama unayo. Na kama sehemu ya mbele ya duka lako ni barabara ya kaunti au hifadhi ya barabara, hapo si pako. Usichore bila kibali.

Kwa gari dogo, nafasi ya kawaida ni mita 2.4 hadi 2.5 kwa upana na mita 4.8 hadi 5 kwa urefu. Magari yakiegeshwa kwa kunyooka, safu mbili zikitazamana, acha njia ya mita 6 katikati ili gari liweze kugeuka na mengine yapishane. Maana yake safu mbili na njia yake zinahitaji kina cha mita 16: 5, 6 na 5. Kama uwanja wako ni mwembamba kuliko hapo, chora nafasi kwa kulalia upande, na njia iwe ya kwenda upande mmoja tu. Weka mishale ili dereva asikisie.

Fundi apige uzi kwanza na kuchora kwa chaki. Kona zipimwe kwa njia ya 3-4-5: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari lazima utoke mita 5 kamili. Usipotoka 5, kona haijanyooka. Wewe mwenyewe unaweza kukagua hili kwa tepu ya kupimia, hata kama hujui lolote kuhusu ujenzi. Kosa la chaki linafutwa kwa ufagio. Kosa la rangi utaishi nalo.

Usisahau nafasi ya mtu mwenye ulemavu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Nafasi yake iwe karibu na mlango, mahali tambarare, na upana wa kama mita 3.6 ili mlango ufunguke kabisa na kiti cha magurudumu kipite kando ya gari. Chora alama ya kiti cha magurudumu, na weka kibao pia, kwa sababu gari likishaegeshwa juu ya alama hakuna anayeiona. Kisha mwambie soja wa geti asiigeuze kuwa nafasi ya bosi.

Tenga pia kona ya boda boda, na njia ya watu wa miguu kutoka kwenye geti hadi mlangoni. Wateja wako wengi huenda hawana gari.

Rangi gani, na kiasi gani?

Hapa ndipo shangazi aliliwa. Rangi ya ukutani haikutengenezwa kukanyagwa na magurudumu. Uliza rangi ya kuchora barabara, na usome mkebe wewe mwenyewe. Kuna pia ile ya plastiki inayoyeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 200 na kumwagwa kwa mashine. Hiyo hudumu zaidi, lakini inahitaji mtambo na watu waliozoea. Kwa pakingi ndogo rangi ya kawaida ya barabara inatosha.

Kama magari huingia usiku, shanga ndogo za kioo zinazonyunyizwa juu ya rangi ikiwa mbichi hufanya mistari ing'ae kwenye taa za gari.

Kwa uwanja wa kabro kuna njia nyingine: weka kabro za rangi tofauti mahali pa mstari. Hutachora tena kila baada ya muda.

Sasa hesabu ya rangi, maana hapa ndipo pesa hupotea kimya kimya. Tuseme una nafasi 20: safu mbili za magari kumi kumi. Kila safu inahitaji mistari 11, kwa hivyo jumla ni 22. Kila mstari una urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 10, yaani nusu mita ya mraba. Mistari 22 ni mita za mraba 11. Ukipaka mara mbili ni 22.

Mkebe ukisema lita moja inafunika mita 4 za mraba, unahitaji lita 5 na nusu. Mikebe miwili ya lita 4 inatosha, na inabaki ya mishale. Fundi akikwambia anahitaji ndoo ya lita 20, mwulize kwa heshima: "Fundi, hizo lita 12 zingine zinaenda wapi?"

Chagua majira

Rangi inataka uwanja mkavu na jua. Katika sehemu nyingi za nchi, mvua ndefu huja Machi hadi Mei, na fupi Oktoba hadi Desemba. Kwa hivyo Januari na Februari ni wakati mzuri wa kuchora. Juni hadi Agosti pia panafaa, ila Nairobi na sehemu za juu baridi na mawingu huchelewesha rangi kukauka. Fanya kazi asubuhi umande ukishatoka, na ufunge pakingi nusu nusu ili biashara isisimame. Weka kamba, si maneno matupu. Gari moja likipita juu ya rangi mbichi litaichora pakingi yote.

Kulipa kwa simu bila kuumia

Kazi ya pakingi ni kazi ya siku moja au mbili, na mafundi wengi ni waaminifu. Lakini hata kwa mwaminifu, mpangilio mzuri wa malipo huzuia kutoelewana. Fanya hivi.

1. Nunua vifaa mwenyewe. Usimtumie fundi pesa ya rangi. Nenda naye dukani, au zungumza na duka kwa simu, kisha ulipe moja kwa moja kwenye Till au Paybill ya duka. Jina la duka likitokea kwenye simu yako, lisome kabla ya kuweka PIN. Omba risiti ya eTIMS. Tangu Januari 2024, KRA inataka gharama za biashara ziwe na risiti hiyo ndipo uzikate kwenye hesabu ya kodi, isipokuwa zile chache zilizosamehewa.

2. Andika makubaliano kwa meseji. Si lazima wakili. Mfano: "Fundi, tumekubaliana utachora nafasi 20, mishale 4 na alama 1 ya kiti cha magurudumu, rangi ya barabara, kupaka mara mbili, tarehe 14 na 15. Kazi ni shilingi 9,000. Rangi nanunua mimi. Uko sawa?" Subiri ajibu "Sawa" ndipo utume chochote. Hiyo meseji moja ndiyo shangazi hakuwa nayo.

3. Gawa malipo kwa kazi inayoonekana. Sehemu ya kwanza baada ya kukagua mistari ya chaki. Sehemu ya pili rangi ikishapakwa mara ya pili. Sehemu ya mwisho baada ya wiki mbili, au baada ya mvua ya kwanza, mkikubaliana mapema. Hii ya mwisho isiwe ya chai tu. Iwe kiasi ambacho fundi atakirudia, lakini isiwe kubwa hadi alale njaa akingoja.

4. Tuma kwa namba ya mtu mliyekubaliana naye. Akisema "tuma kwa hii ya ndugu yangu, yangu ina shida", simama kidogo. Akupe sababu kwa meseji, kutoka namba yake ya kawaida. Jina litakalotokea lilingane na alilokwambia. Ukikosea namba, omba kurudishiwa mara moja kupitia menyu ya simu au huduma kwa wateja. Ukichelewa, mpokeaji anaweza kuwa ameshazitoa.

5. Weka rekodi. Usifute meseji za malipo hayo. Hifadhi pamoja na picha za kabla na baada.

Kama unatoza pakingi

Ukishachora, huenda ukaanza kutoza. Tumia Till ya biashara badala ya namba ya soja. Hapo kila gari lina rekodi, na jioni humwulizi mtu "mbona leo ni kidogo?"

Namba ichorwe kwenye kibao cha kudumu pamoja na jina la biashara. Kikaratasi kilichobandikwa ni rahisi mtu kubandika kingine juu yake usiku, na pesa zako zikaenda kwake. Kila asubuhi msimamizi akague kibao. Pia asikubali kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja, kwa sababu meseji ya uongo ni rahisi kuandika. Athibitishe kwenye simu ya biashara ndipo afungue geti.

Kisha tenga kidogo. Magari 40 kwa siku, shilingi 5 kwa kila gari, ni shilingi 200. Kwa siku 26 ni 5,200 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 62,400. Hiyo inaweza kununua rangi, kuziba nyufa na kubadilisha taa bila kukopa. Iweke kando siku ileile, kabla haijachanganyika na pesa ya stoki.

Na shangazi je?

Februari mwaka huu alichora tena. Fundi mwingine. Safari hii mimi ndiye nilishika upande wa pili wa tepu. Mshazari wa kwanza ulitoka mita 5 na sentimita 12, fundi akafuta chaki na kuanza upya bila kinyongo. Rangi tulilipa dukani. Makubaliano yalikuwa meseji ya mistari minne.

Sehemu ya mwisho ya malipo ilitumwa katikati ya Aprili, siku moja baada ya mvua kubwa. Shangazi alitoka nje na mwavuli, akatembea safu yote, akasugua mstari mmoja kwa kiatu. Haukutoka. Akatuma pesa akiwa amesimama palepale.

Fundi alijibu: "Asante mama, hata mimi nilikuwa nangoja hiyo mvua."

Wewe anza na hatua isiyogharimu kitu. Mvua ijayo ikiisha, subiri saa moja, toka nje na simu yako, upige picha mahali maji yamesimama. Hapo ndipo pesa yako ya kwanza inatakiwa kwenda.